Mabondia wa uzito wa juu waliokosa ubingwa wa dunia: uanze kumtazama yupi?

Ukiuliza nani alikuwa mkali zaidi kati ya mabondia wa uzito wa juu ambao hawakuwahi kuwa mabingwa wa dunia, utapewa majina ishirini, na kila anayejibu atakuwa na mizani yake. Mmoja anapima uzito wa konde, mwingine anahesabu majina makubwa yaliyopigwa, mwingine anapima huruma tu. Hapa mizani ni moja: una jioni chache za kukaa na video za mapambano yao, iwe wewe ni mwalimu wa ngumi, bondia anayeanza au shabiki anayetaka kuelewa anachokiona. Uanze na nani, na utazame nini hasa?

Kwa asiye na subira: anza na Jimmy Young, kisha Jerry Quarry, halafu David Tua. Earnie Shavers, anayetajwa kwanza karibu kila baraza la ngumi, namweka nyuma ya hao watatu, na sababu nitazieleza.

Kwanza tupunguze orodha. Ken Norton hayumo, ingawa hakushinda hata pambano moja la ubingwa wa dunia. WBC, moja ya vyama vinavyotoa ubingwa wa dunia, ilimtangaza bingwa mwaka 1978 baada ya Leon Spinks kuchagua kurudiana na Muhammad Ali badala ya kumkabili Norton, kwa hiyo jina lake limeshaandikwa kwenye daftari la mabingwa. Teófilo Stevenson wa Cuba, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki (1972, 1976 na 1980), naye yuko nje kwa kuwa hakuwahi kupigana ngumi za kulipwa. Alipigana raundi tatu tatu, na kumweka sawa na watu waliojiandaa kwa raundi 15 ni kubahatisha.

Wapo pia walionyimwa pambano lenyewe kwa sababu ya rangi yao. Peter Jackson alipigana raundi 61 na James Corbett mwaka 1891 bila kupatikana mshindi, lakini bingwa wa wakati huo, John L. Sullivan, alikataa kupanda ulingoni na mtu mweusi. Sam Langford, Mkanada mwenye urefu wa kama sentimita 170, alishindwa kwa pointi na Jack Johnson mwaka 1906. Johnson alipoutwaa ubingwa mwaka 1908 hakumpa nafasi tena. Harry Wills alisubiri miaka yote ya ubingwa wa Jack Dempsey, 1919 hadi 1926, na pambano lao halikufanyika. Hawa usiwalinganishe na wa miaka ya baadaye. Video zao ni chache, na kukosa kwao mkanda hakukuambii chochote kuhusu mapungufu yao ulingoni.

Quarry na Lyle

Hawa wawili walikutana Februari 1973 Madison Square Garden, New York, kwa hiyo ulinganisho umeshafanyika mbele ya macho yetu. Ron Lyle alikuwa hajapoteza pambano. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye mkono wa kulia mzito. Jerry Quarry alikuwa mdogo kwake, na alimshinda kwa pointi katika raundi 12.

Quarry alikuwa bondia wa kujibu. Alikuacha urushe kwanza, akainamisha kiwiliwili ili ngumi ipite juu ya bega, kisha akarudisha konde la kushoto la kuzunguka kabla mkono wako haujarudi kidevuni. Ukitazama, achana na mikono, tazama kiuno chake. Ngumi ya kujibu ilikuwa tayari imeshikiliwa kwenye kiuno kilichopinda wakati wa kukwepa. Kunyooka tu kulitosha kuifyatua. Ndiyo maana hakuhitaji kurudi nyuma hatua mbili kwanza, kama wanavyofanya wengi wanaodhani wanajibu kumbe wanakimbia. Desemba ya mwaka huohuo wa 1973 alimmaliza Shavers katika raundi ya kwanza.

Sasa kwa nini hakupata mkanda? Kosa lake lilikuwa kuchagua mbinu sahihi kwa mtu asiye sahihi. Aprili 1968, Oakland, katika fainali ya mashindano ya kumpata bingwa wa WBA (chama kingine cha aina ya WBC), alikutana na Jimmy Ellis, naye mtu wa kujibu. Quarry akasubiri, Ellis akasubiri, na katika raundi 15 za kusubiriana aliyerusha zaidi kidogo ndiye aliyepewa. Pale alipaswa kushambulia. Juni 1969 alipanda na Joe Frazier, mtu anayekuja mbele muda wote, yaani mlo kamili wa bondia wa kujibu. Quarry akatoka kona yake raundi ya kwanza na kuanza kubadilishana naye makonde kifua kwa kifua. Raundi hiyo ilipendeza mno, lakini alikuwa anapigana pambano la Frazier, na mwisho wa raundi ya saba jicho lilikuwa limeharibika na kazi ikaishia hapo. Juu ya hayo, ngozi ya uso wake ilichanika upesi. Ali alipourudia ulingo mwaka 1970 baada ya kufungiwa kwa miaka mitatu na ushee, mchaniko mkubwa juu ya jicho la Quarry ulimaliza pambano baada ya raundi tatu.

Tahadhari moja kwa walimu. Quarry alikubali kupigwa mno, mazoezini na ulingoni, na alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 53, ubongo ukiwa umeharibiwa na makonde. Chukua kiuno chake, usichukue moyo wake wa kutaka kuthibitisha.

Lyle ni kisa kingine. Alijifunzia ngumi gerezani Colorado na kuanza ngumi za kulipwa mwaka 1971 akiwa na miaka 30, umri ambao wengine wanaanza kuhesabu siku zao. Mei 1975 alipambana na Ali Las Vegas na alikuwa anaongoza. Kilichomsaidia ni nidhamu: Ali alipojiegemeza kwenye kamba na kumwita, Lyle hakuingia mtegoni kama George Foreman alivyoingia Kinshasa mwaka uliotangulia. Alirudi katikati ya ulingo akamsubiri. Raundi ya 11 mkono wa kulia wa Ali ukampata, mvua ya makonde ikafuata, na mwamuzi akasimamisha. Pambano hilo lina mafunzo mengi kuliko lile ambalo kila mtu anakutumia, la Januari 1976 dhidi ya Foreman. Lile la Foreman ni tamu kupita kiasi, maana katika raundi ya nne peke yake Foreman alianguka mara mbili na Lyle mara moja, kabla Foreman hajamaliza kazi raundi ya tano. Lakini kama somo lina jambo moja tu: kila aliyemwona mwenzake anayumba alisahau mkono wake wa ulinzi.

Kati ya hao wawili, chagua Quarry. Lyle alikuwa na nguvu zaidi, ila alichokuwa anakifanya vizuri kilihitaji mwili kama wake. Alichofanya Quarry kinafundishika.

Wenye konde: Shavers, Cooney na Tua

Earnie Shavers alishinda mapambano zaidi ya 70, na karibu yote kwa KO. Ali, Larry Holmes na Lyle, wote walionja mkono wake wa kulia na wote walilisimulia. Machi 1979 alimmaliza Norton katika raundi ya kwanza. Septemba mwaka huo alimwangusha Holmes raundi ya saba kwa konde ambalo kwa bondia mwingine yeyote lingefunga hesabu. Holmes akasimama, akajikusanya, na kumsimamisha Shavers raundi ya 11.

Kwa nini basi namshusha? Kwa sababu mkono huo ulikuwa na gharama mbili. Ya kwanza ni pumzi. Shavers alirusha kwa mwili mzima kila mara, misuli ikiwa imekaza tangu begani, na pambano likivuka raundi chache makonde yake yalianza kuchelewa na kuwa mapana, kiasi cha kuonekana yakianzia nyonga. Ya pili ni kutokujua la kufanya mtu akishalegea. Tazama raundi ya pili ya pambano lake na Ali, Septemba 1977, Madison Square Garden. La kulia linamtikisa Ali kweli. Ali anaigiza: anatoa macho, anayumba kwa makusudi, kama vile anadanganya kuwa ameumia. Shavers anasita, akidhani anategwa. Ali alikuwa anaficha maumivu kwa kujifanya anaigiza maumivu, na ujanja huo ukapita. Pambano lilikwenda raundi zote 15, majaji wakampa Ali.

Kuna jambo la nje ya ulingo katika pambano hilohilo. Televisheni ya NBC ilikuwa ikionyesha kadi za majaji baada ya kila raundi, na kona ya Ali, chini ya Angelo Dundee, iliweka mtu wa kutazama. Kona moja ilijua imeshaongoza kwa kiasi gani na nyingine ikabaki kukisia. Ukiwa kocha, kosa hilo la kona ya Shavers lina uzito sawa na konde.

Gerry Cooney alikuwa na silaha ya mkono mwingine: konde la kushoto, mwilini na kichwani, kutoka kwa mtu wa karibu sentimita 198. Mei 1981 alimmaliza Norton kwa sekunde 54. Hapo ndipo penye tatizo lake. Kabla ya kumkabili Holmes Juni 1982, mapambano yake matatu ya mwisho yalikuwa raundi nne na Young, raundi moja na Lyle, na hizo sekunde 54. Kisha miezi 13 bila pambano. Ukijumlisha, hazifiki raundi sita kwa miaka miwili, halafu unamwomba acheze 15 na bingwa mwenye jebu (konde lililonyooka la mkono wa mbele) bora ya zama zile. Alianguka raundi ya pili, akasimama, akapigana kiume hadi raundi ya 13 ambapo mwalimu wake aliingia ulingoni kumwokoa. Alikuwa amekatwa pointi tatu kwa kupiga chini ya mkanda, na bila makato hayo majaji wawili wangekuwa na Cooney mbele alipofika hapo. Promota anayemlinda mno bondia wake aanze kwa kutazama pambano hili.

David Tua ndiye ninayemchagua kati ya wenye makonde. Alizaliwa Samoa, akakulia New Zealand, akapata shaba ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Urefu wake ni kama sentimita 178 tu. Machi 1996 alimwangusha John Ruiz kwa sekunde 19. Baadaye aliwasimamisha Oleg Maskaev (raundi ya 11, 1997), Hasim Rahman (raundi ya 10, 1998) na Michael Moorer (sekunde 30, 2002). Wote wanne, kwa nyakati tofauti, walivaa mikanda ya dunia. Yeye hakuvaa hata mmoja.

La kushoto lake ni bora kwa mafunzo kuliko la kulia la Shavers kwa sababu ni fupi. Sitisha video pale kiwiko kinapoanza kupanda: mkono umekunjwa karibu pembe mraba, kisigino cha mguu wa mbele kinazunguka kwenda nje, nyonga inatangulia, mkono unafuata mwishoni kabisa. Halihitaji kuvutwa nyuma, kwa hiyo mpinzani haoni likianza. Na kwa kuwa ni fupi halili pumzi. Maskaev alisimamishwa raundi ya 11 na Rahman ya 10, wakati Shavers angekuwa ameshaanza kutafuta kiti.

Udhaifu wake nao unafundisha. Novemba 2000, Las Vegas, alikutana na Lennox Lewis, mwenye sentimita kama 196 na mikono iliyomzidi Tua kwa kama sentimita 35 ukipima kutoka ncha hadi ncha. Tua alienda mbele kwa mstari ulionyooka, kichwa kikiwa mahali palepale, bila jebu ya kumfungulia njia, akisubiri nafasi ya konde moja. Lewis akamweka mwisho wa jebu, akamkumbatia alipokaribia, na kushinda raundi 12 bila jasho jingi. Mwaka uliofuata Chris Byrd alimfanyia jambo linalofanana kwa miguu. Tazama miguu ya Tua katika pambano hilo: anamfuata Byrd anakoelekea badala ya kupiga hatua ya pembeni kumzibia kona. Bondia mfupi mwenye konde zito asiyejua kukata ulingo atakuwa na mapambano mengi ya namna hiyo.

Ibeabuchi, kwa ufupi

Kwa kipaji kitupu, Ike Ibeabuchi wa Nigeria huenda aliwazidi wote waliotajwa hapa. Juni 1997, Sacramento, alimshinda Tua kwa pointi katika pambano ambalo wahesabuji wa CompuBox waliandika makonde 1,730 yaliyorushwa na wote wawili, rekodi ya uzito wa juu kwa wakati huo. Yake yalikuwa 975, yaani zaidi ya 80 kwa raundi, kutoka kwa mtu mwenye kilo mia na zaidi. Machi 1999 alimsimamisha Byrd, aliyekuwa hajapoteza, katika raundi ya tano kwa konde la kushoto lililopanda kati ya apakati (konde la kutoka chini kwenda juu) na la kuzunguka. Byrd baadaye alikuwa bingwa mara mbili. Ibeabuchi alikuwa na ushindi 20 bila kupoteza wakati mashtaka ya jinai na kifungo vilipokatiza safari yake, kabla hajapata pambano la ubingwa. Ana mapambano mawili ya kutazama kwa makini. Yatazame, lakini huwezi kujenga mafunzo ya mwaka juu ya mapambano mawili.

Jimmy Young, na kwa nini yuko juu

Young wa Philadelphia hakuwa na konde la kutisha. Rekodi yake ina kushindwa kwingi, na mtu akiitazama kwenye karatasi atampita. Ila hakuna mwingine katika orodha hii aliyefanya mengi kwa silaha chache kiasi hicho, na ndiyo maana bondia wa kawaida ana zaidi ya kuchukua kwake.

Tazama kwanza pambano lake na Foreman, Machi 17, 1977, San Juan, Puerto Rico. Foreman alikuwa na kawaida ya kusukuma mabega ya mpinzani kwa viganja ili ampange umbali, kisha apige. Young alimnyima umbali huo. Foreman alipovuta mkono nyuma, Young hakurudi; alipiga hatua ndogo kuingia ndani, akaweka paji la uso karibu na bega la Foreman na kuubana mkono ule kwa kwapa. Alipotoka, alitoka kwa pembeni akimgeuza, siyo kwa kurudi nyuma moja kwa moja. Kila mara Foreman alilazimika kupanga miguu upya, na kupanga miguu upya mara mia kwenye joto kunachosha kuliko kurusha makonde. Raundi ya saba Foreman alimpata na kumtikisa vibaya. Alichofanya Young baada ya hapo ndicho cha kurudia kutazama: anashika, anakaa ndani, anarudisha makonde mepesi ili mwamuzi asione mtu aliyekufa, anavuka. Raundi ya 12 akamwangusha Foreman na kushinda kwa pointi. Foreman akaacha ngumi kwa miaka kumi.

Halafu tazama alivyopoteza. Aprili 30, 1976, Landover, Maryland, Ali alipanda akiwa na kilo 104, mzito na mzembe. Young alimkosesha makonde usiku kucha na kumgonga kwa mkono wa kulia. Wengi waliotazama walimpa Young. Majaji watatu walimpa Ali. Lawama haziko kwa majaji peke yao. Mara kadhaa Young, akibanwa, alitoa kichwa nje ya kamba ili mwamuzi asimamishe purukushani. Kilikuwa ujanja, kwa sheria hakikumvunjia chochote moja kwa moja, na mwamuzi alifikia kuanza kumhesabia. Kwa jaji aliyekaa chini ya ulingo, mtu anayetaka mkanda wa bingwa hatoi kichwa nje ya kamba. Novemba 1977 alipoteza tena, raundi 15 na Norton, majaji wakiwa wamegawanyika. Ushindi huohuo ndio WBC iliouegemea ilipompa Norton mkanda miezi michache baadaye. Young alikuwa kadi moja ya jaji mbali na kuwa bingwa wa dunia.

Baada ya hapo alianza kuja na kilo za ziada na kupoteza mapambano ambayo hakupaswa kupoteza, mawili kati yake kwa Osvaldo Ocasio. Miaka yake ya baadaye haina haja ya kutazamwa.

Pambano la Ali na Young lina matumizi mengine mazuri: kujifunza kuhesabu pointi. Chukua karatasi yenye mistari 15, zima sauti kabisa, na mwisho wa kila raundi andika 10 kwa aliyeshinda na 9 kwa mwingine kabla ya raundi inayofuata kuanza. Usirudishe nyuma. Siku nyingine litazame tena ukiwa na sauti. Raundi zitakazobadilika mkononi mwako ni zile ambazo Ali aligusa tu na ukumbi ukalipuka.

Golota mwishoni

Andrew Golota wa Poland anakuja mwisho, ingawa ndiye pekee hapa aliyepewa nafasi kwa mikanda yote minne mikubwa (WBC, WBA, IBF na WBO). Alikuwa na jebu nzito, makonde yaliyopangika mawili matatu kwa mfululizo na mwili wa bingwa. Julai 1996 alikuwa anamwongoza Riddick Bowe, akaondolewa raundi ya saba kwa kupiga chini ya mkanda baada ya kuonywa na kukatwa pointi. Desemba wakarudiana Atlantic City. Akamwangusha Bowe, akaongoza tena, akaondolewa tena raundi ya tisa kwa kosa lilelile. Lewis alimmaliza raundi ya kwanza mwaka 1997, na Lamon Brewster vilevile mwaka 2005, chini ya dakika moja.

Kama utamtazama, acha vurugu za Bowe na utafute mapambano yake mawili ya mwaka 2004, yote Madison Square Garden. Aprili alitoka sare na Byrd kwa mkanda wa IBF, na sare humwachia bingwa mkanda. Novemba alimwangusha Ruiz mara mbili katika raundi ya pili kwa mkanda wa WBA, kisha akaishi kwa kusubiri, raundi baada ya raundi, huku Ruiz akikumbatia na kuiba dakika ndogondogo. Majaji wote watatu walimpa Ruiz. Hesabu pointi zako mwenyewe kuanzia raundi ya tatu, na angalia ni raundi ngapi ambazo Golota hakutumia ile jebu.